Kigoda Hakiachwi Wazi

Mgeta,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mdogo wangu Rosa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Nanyi hamjambo huko Kihonda? Mwanao Agustino hajambo? Na mkewe Neema, mimba inakwendaje? Hongera kwa kustaafu. Miaka thelathini na tano ya kuwafundisha Kiswahili watoto wa watu si mchezo. Sasa pumzika, na uache kunisahihishia barua kwa wino mwekundu.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu naichaji dukani kule chini, na dukani siku hizi kuna masikio mengi kuliko sukari. Barua hii anakuletea Hashimu, dereva wa fuso linaloshusha kabichi zetu sokoni Morogoro. Namwamini. Ukijibu, mpe yeye mkononi.

Unamkumbuka yule mnunuzi wa viazi aliyechukua mashamba ya bondeni, mtaa mzima? Sasa anautaka Msitu wa Bibi. Anasema pale juu udongo ni mweusi na viazi vitatoka kama ngumi. Mtendaji wa kijiji amemwambia kwamba msitu ni wa ukoo wetu na chanzo cha maji kimo humo, hivyo bila neno la mwenye kigoda cha ukoo hakikatwi hata kijiti. Mwenye kigoda ni mimi, tangu mjomba alipofariki. Nimemkatalia mara mbili. Vitongoji vitatu vinakunywa maji yale, nikubali nini?

Jumatano iliyopita nilikwenda kwenye tuta la njegere nikakuta shimo. Limechimbwa vizuri, pembe nne, udongo umewekwa upande mmoja kwa adabu, kama wanavyofanya vijana wa kigango wakichimba kaburi. Nililipima kwa mpini wa jembe. Ni urefu wangu, na nafasi kidogo ya kunyoosha miguu.

Nilimwita mtendaji, naye akaleta mgambo. Mgambo alitazama akasema shimo shambani si kosa. Jumapili baada ya misa, kijana mmoja wa yule mnunuzi alinipa shikamoo kwa mikono miwili, akaniambia, "Mzee Alois, umechoka. Si upumzike tu?" Rosa, sijawahi kuogopa shikamoo maishani mwangu.

Nimeamua kuondoka kwenye kigoda. Wewe ndiye mwenye maneno. Nitafutie neno moja zuri nilitie kwenye barua ya wazee wa ukoo na serikali ya kijiji, nisionekane mwizi wala mwoga.

Kaka yako,
Alois


Kihonda, Morogoro
Ijumaa, 7 Februari 2025

Kaka Alois,

Shikamoo. Huku joto linatuoka lakini afya tunayo. Neema anavimba miguu na anakula udongo wa pemba tukimwangalia na tusipomwangalia. Agustino yuko na pampu zake za visima, anaondoka alfajiri, anarudi ana matope mpaka kwenye nyusi. Goti lako lipake mafuta ya nazi yenye karafuu, acha ubishi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Kaka, ondoka kwenye kigoda hicho. Ondoka wiki hii. Msitu una miti mingi, mimi kaka ninaye mmoja.

Kuhusu neno. Usiandike "najiuzulu." Anayejiuzulu watu huuliza amefanya nini, na wasipopata jibu hulitunga. "Kustaafu" lina heshima lakini ni la watu kama mimi, wenye tarehe na barua ya mwajiri. Kigoda hakina umri wa kustaafu. Magazeti hupenda "kuachia ngazi," hilo waachie magazeti. "Kujitoa" ni la mtu anayewaacha wenzake kumi uwanjani mpira ukiendelea. "Kujiengua" ni la wagombea. Kuna "kutawa," mtu kujifungia nyumbani na ibada zake, na mimi ningekupa hilo kwa mikono miwili, ila najua kabichi hazitajilima. Neno lako ni "kung'atuka." Anayeng'atuka huondoka mwenyewe watu wakiwa bado wanamtaka, na hakuna anayemtazama mgongo kwa mashaka.

Nimekuandikia kabisa. Inakili kwa mkono wako:

"Mimi Alois, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, nang'atuka kwenye kigoda cha ukoo. Nawashukuru wote kwa miaka yote. Kigoda nawaachia wenye haki nacho."

Fupi, safi, haina mlango wa maswali. Ipeleke, kisha uje hapa mwezi mzima. Chumba cha uani ni kitupu.

Mdogo wako,
Rosa


Mgeta,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mdogo wangu Rosa,

Marahaba. Tumeamka salama, na kila ninapoandika hivyo siku hizi najikuta namaanisha. Mwambie Neema udongo wa pemba asizidishe, mama yetu alikuwa akisema unakausha damu.

Maneno yako niliyasoma yote, nikasema kweli serikali ilipoteza mwalimu. Lakini umesahau moja, nalo ndilo la kweli: kukimbia. Si kitu, "kung'atuka" linapendeza zaidi kwenye karatasi.

Niliinakili kama ulivyosema nikaipeleka kwa wazee wa ukoo. Waliisoma wakapokezana, wakacheka kwa upole, kisha wakanirudishia. Karatasi, walisema, haimwondoi mtu kigodani. Wewe na mimi hatukuwahi kuliona jambo hili kwa sababu mjomba alifia humo humo. Aliyekalia kigoda hasimami mwenyewe. Dada yake wa tumbo moja, awe mkubwa wake au mdogo wake, humshika mkono wa kulia mbele ya ukoo akamnyanyua. Na kigoda hakiachwi wazi hata kwa muda wa kumeza mate. Dada huyo huyo hapo hapo humkalisha mtu wa tumbo lao. Kikibaki wazi, msitu hauna mwenyewe, na yule mnunuzi wa viazi ataomba kwa serikali ya kijiji apewe.

Basi wakahesabu. Wanangu mimi ni wa ukoo wa mama yao, hawamo. Dada yetu Esther, Mungu ampumzishe, aliondoka hajaacha mtoto. Wakaniuliza, "Mtoto wa Rosa ana umri gani sasa?"

Rosa, "wenye haki nacho" uliyoiandika kwa mwandiko wako mzuri ni Agustino. Sijui kama kalamu ilipokuwa inatembea ulimkumbuka. Mjini mtu husahau, hata mimi ningesahau.

Wazee wanasema wako tayari siku yoyote utakayopanda. Shimo limeongezwa kina. Sasa nikisimama kando yake sioni wadudu chini.

Nijibu haraka.

Kaka yako,
Alois


Mgeta,
Ijumaa, 14 Machi 2025

Rosa,

Natumaini mu wazima. Hashimu anasema alikukuta nyumbani, akakupa barua yangu mkononi, ukampa chai ukamwambia jibu atalipata safari ijayo. Amekwisha kwenda safari saba. Kila akirudi namwangalia kwenye kioo cha gari kabla hajashuka, naye anatikisa kichwa.

Sikulaumu. Nimekaa na kimya chako nikakielewa vizuri tu. Ila nimekwisha kuanza kusema, acha nimalize.

Shimo wamelifukia. Nilifurahi kwa muda wa kuvuka tuta moja, mpaka nilipoona walivyolifukia. Wameweka kilima juu, wamekipiga kwa nyuma ya jembe kikawa laini, wamesimika msalaba wa mti wa mkaratusi. Hauna jina. Una mwaka wa kuzaliwa tu, 1957, na baada yake kistari. Mbele ya kistari pamebaki nafasi.

Sikuung'oa. Nilinyoosha mkono nikashindwa. Sasa tuta zima la njegere limekomaa na siendi kuvuna, jirani anaona zinakauka ananiuliza, namwambia bei imeshuka.

Mimi ni mtu mzima na nimewazika wengi. Sikudhani kuna siku nitakuandikia haya. Naogopa, Rosa. Naogopa nikisikia pikipiki inapanda. Naogopa nikipewa pombe ya harusi, naiacha mezani. Kwenye jumuiya nimeanza kukaa karibu na mlango. Njoo uninyanyue. Agustino ni kijana, ana nguvu, anaishi mjini, huenda wakamheshimu au wakachoka. Mimi hawachoki nami.

Nimeona aibu kuandika mistari hii miwili ya mwisho, lakini sikuifuta.

Kaka yako,
Alois


Kihonda, Morogoro
Jumanne, 18 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Tuko wazima wa mwili.

Barua yako ya Februari niliificha ndani ya unga. Nilijiambia nitajibu kesho, na kesho zikaja na kwenda. Nimefundisha watoto maelfu kwamba asiyejibu swali ameshakosa, nami nikakaa bila kujibu.

Sikumkumbuka Agustino, ni kweli. Niliandika kama mwalimu. Nilitafuta sentensi ya kumalizia, ikaja ile, ikanipendeza. Nimeishi mjini mpaka nimeuona ukoo kama kitu cha kwenda kuzika na kurudi, na sasa ukoo umeniita kwa sentensi yangu mwenyewe.

Naye ameshajua. Neema aliingiza mkono kwenye unga apike uji akaitoa barua, na mke hafichi kitu mume wake anapouliza mbona unalia. Unadhani Agustino aliogopa? Alisema, "Mama, zamu ni yangu, nitakwenda, na huo msitu sitoi." Ameanza hata kuuliza mvua huko zinaisha lini. Kaka, hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Angekuwa mtu wa kusaini ningemwacha aende asaini, Mungu anisamehe, na vitongoji vitatu vitafute maji. Lakini ana kichwa cha baba yake. Atasema hapana kwa sauti kubwa, mbele ya watu, huku anacheka. Wewe umewakatalia kwa upole na bado wamekuchimbia shimo. Yeye watamfanya nini?

Nilizaa watano, unajua niliwazika wanne. Neema anajifungua Mei.

Kwa hiyo nakuambia jambo ambalo sikudhani nitamwambia kaka yangu. Baki. Mwezi uliopita nilikuambia ondoka, leo nakuambia baki hapo hapo. Usinitumie tena ombi la kukunyanyua kwa sababu sitakuja. Funga mlango mapema, usitembee peke yako, mwombe Padre akuweke parokiani kama inawezekana. Na unisamehe ukiweza. Mimi sijisamehe.

Mdogo wako,
Rosa


Mgeta,
Ijumaa, 28 Machi 2025

Mdogo wangu Rosa,

Mwandiko huu si wangu, ni wa Hashimu. Amekaa hapa na saumu yake ananiandikia, nami namtajia maneno pole pole. Mkono wangu wa kulia umevunjika. Usishtuke. Nilikuwa nashuka kwenye kile kijia cha mtoni, mvua ilikuwa imenyesha, nikateleza. Mganga wa zahanati ameufunga kwa vibao, amesema inatakiwa picha, nishuke mjini. Nitashuka mvua zikipungua.

Barua yako nimeipata. Usinililie msamaha. Ungekuwa wewe ndiye umekalia kigoda na mtoto ni wangu, ningeandika hivyo hivyo, tena kwa maneno mabaya zaidi kwa kuwa sikusoma kama wewe. Nimebaki. Mwambie Agustino mjomba anasema atulie na mkewe.

Yule mnunuzi alikuja kunipa pole. Alileta sukari na mkate, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akasema mkutano mkuu wa kijiji ni mwezi wa nne, na mzee mwenye mkono mmoja hawezi kuangalia msitu. Nilimshukuru kwa mkate.

Nasikia baridi ingawa kuna jua. Mganga anasema ni homa kidogo.

Kaka yako,
Alois

Mama Rosa, mimi Hashimu naongeza mstari bila yeye kujua. Mzee hakuteleza. Nilikuwa napakia kabichi barabarani, niliwaona wawili wanapanda kutoka kwenye kile kijia wakikimbia, na baada yao nikasikia anaita. Mkono umebadilika rangi. Wazee wanasema hawezi kulala nje ya mlima akiwa na kigoda, na yeye anawatii. Asipotoka huku wiki hii sijui.


Mgeta,
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Kaka Alois,

Shikamoo. Unaendeleaje hospitalini, au umekwisha kutoka? Hashimu ameniambia madaktari wamekutia vyuma na homa imeshuka. Nimemwambia arudie mara tatu. Mwambie Neema asikupe wali mkavu, akupe uji, na chumba cha uani dirisha lake halifungi sawasawa, weka gunia.

Sasa umenikasirikia, najua. Ile Jumamosi hapakuwa na nafasi ya kuelezana, fuso lilikuwa linanguruma na wewe ulikuwa unatetemeka. Nikueleze leo.

Agustino nilimwambia nakwenda mazishi. Sikumdanganya sana, nilikuwa najiona nakwenda mazishi. Njia nzima nilipiga hesabu kama mtu anayetafuta jibu dogo la tatu kati ya mawili. Nikikuacha, unakufa. Nikikunyanyua nikamkalisha Agustino, namzika wa tano. Tulipofika pale njia inapokata kona na Msitu wa Bibi ukaonekana, nilimuuliza Hashimu, kwa kupitisha muda tu, bibi gani. Akasema, "Mama, mimi mgeni, mnaniuliza nini?" Nikacheka, kisha nikaligeuzageuza swali hilo kichwani mpaka tulipofika.

Ulipoketi pale mbele ya ukoo na mkono wako kwenye khanga, niliona wote wananiangalia nyuma yangu wakitafuta kijana. Nilikushika mkono ule ule uliovunjika kwa sababu mila inasema wa kulia. Ulilia kaka, na mimi nilisikia mfupa. Nisamehe na hilo. Ulipokuwa umesimama, nikakaa.

Ulifungua mdomo, Hashimu akakubeba. Hukusikia yaliyofuata. Mzee mmoja akasema, "Rosa, mwanangu, inuka, hicho si kiti cha wageni." Nikamwambia mimi si mgeni, mimi ni wa tumbo. Nikawauliza ni nani kati yao aliyewahi kusikia kwamba tumbo ni la wanaume. Nikawauliza bibi aliyeuachia msitu jina lake alikuwa amekalia nini, jiwe? Yule mama kizee wa mwisho kabisa, shangazi wa wote, ambaye nilidhani amelala, akasema bila kufungua macho kwamba mama yake alimwona bibi huyo kwa macho yake, na hakuwa amesimama. Basi, ikaisha hivyo. Walinimwagia unga miguuni wakaenda kunywa.

Mkutano wa kijiji ulifanyika jana baada ya Misa ya Matawi. Yule mnunuzi alikuwa na karatasi tayari na wino wa kidole. Akauliza kijana yuko wapi. Mtendaji akamwonyesha mimi. Nilisimama nikasema msitu haukatwi, nikaeleza kwa sauti ile ya darasa la nne mkondo B, hata mtendaji akakaa wima. Watu wa vitongoji vya chini walipiga makofi. Waliokuwa nyuma hawakupiga.

Nilipoketi nilijifunga khanga ya pili mpaka shingoni. Walidhani ni baridi.

Nalala kwako, kwenye kitanda chako. Msalaba niliung'oa nikauchoma, nikavuna njegere zilizobaki, zilikuwa kikapu kimoja.

Mdogo wako,
Rosa


Kihonda, Morogoro
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Dada Rosa,

Hujambo huko? Umeamka salama? Niambie ukweli, umeamka salama? Mimi nipo, nimetoka hospitali, nakula. Naandika kwa mkono wa kushoto, utanisahihisha. Neema hajambo, mtoto ameshageuka kichwa chini. Pasaka tulikula pilau, nami nilikumbuka kwamba wewe umekula peke yako nikaacha.

Hashimu alikuja jana na kabichi. Aliweka mzigo chini akakataa chai, nikajua. Amesema kuna shimo jipya, kwenye tuta la juu yake. Amesema ni fupi kuliko lile la kwanza.

Rosa, wamekupima wewe.

Siwezi kukaa kwenye chumba chako, kwenye shuka zako, huku wewe umelala kitandani kwangu unasikiliza pikipiki. Naijua ile miguu inayopita nyuma ya jiko. Naijua ile shikamoo. Nilipokuandikia naogopa nilikuwa naogopa kwa ajili ya mtu mmoja mzee mwenye goti bovu. Sasa naogopa zaidi ya hapo, na hakuna aliyenigusa.

Agustino ananizunguka kama simba kwenye kizimba. Ameshafunga begi mara mbili, na mara mbili Neema ameketi juu yake na tumbo lake lile. Hatazuilika mara ya tatu.

Umenifundisha maneno mwenyewe, sasa nakurudishia yote. Ng'atuka. Jiuzulu, watu waulize, wakichoka wataacha. Staafu, si umezoea? Achia ngazi, jiengue, jitoe uwaache kumi uwanjani. Tawa hapa Kihonda na rozari yako. Kimbia, Rosa. Lile nililosema umelisahau ndilo zuri kuliko yote. Msitu na uende, wale viazi vyao.

Nitapanda na Hashimu Ijumaa ya wiki ijayo. Nitakushika mkono mwenyewe nikunyanyue. Usibishe.

Kaka yako,
Alois


Mgeta,
Ijumaa, 2 Mei 2025

Kaka Alois,

Shikamoo. Nimeamka salama. Nakuandikia hivyo kwa sababu umeuliza, na kwa sababu ni kweli mpaka saa hizi, saa tatu asubuhi.

Usipande. Nimemwambia Hashimu akupe barua hii kabla hujafunga viatu.

Shimo lipo, nililiona. Wamekosea kipimo, mimi na wewe tunatoshana. Nilichukua mbegu za karoti nikazipanda kandokando yake haraka haraka, nyingi zikaanguka ndani. Wanawake wa kitongoji cha chini wameanza kuja kuchota maji kwa kupitia mlangoni kwangu, ingawa si njia yao, wanapiga hodi tu na kupita. Mmoja wao, Jesca, analala hapa. Hatuzungumzi kwa nini.

Naogopa sana, kaka. Sitaki udhani nimekuwa jasiri. Mchana nafua shuka ambazo hazijachafuka ili mikono iwe na kazi.

Lakini barua yako imejaa maneno ambayo siwezi kuyatumia hata moja. Aliyekalia kigoda hasimami mwenyewe. Anayemnyanyua ni dada yake wa tumbo moja. Wazee niliwauliza mapema, kabla sijakukuta nyumbani siku ile, na walinijibu wazi kwamba kaka hanyanyui, wala mtoto hanyanyui. Esther yuko makaburini pale kigangoni. Mimi sina dada. Nilipokuwa nakukamata mkono nilikuwa nalijua hilo, ndiyo maana nilikawia kidogo, ukadhani naonea huruma mfupa wako.

Kwa hiyo kuna njia moja tu ya kigoda hiki kupata mtu mwingine, nayo ni mimi kufa. Siku hiyo wazee watauliza tena mtoto wa Rosa ana umri gani, na sitakuwepo kuwajibu.

Mwambie Agustino hivyo, kwa maneno hayo hayo, akiwa na begi mkononi. Mwambie mama yake hana ruhusa ya kuondoka wala hana ruhusa ya kufa, na yeye akija hapa watanipata kirahisi kwa sababu nitakuwa namwangalia yeye badala ya kuangalia mlango.

Nakula vizuri. Nakula hata nisipotaka. Maji nachota mwenyewe na chakula napika mwenyewe. Nafunga mlango kabla ya jua kuzama. Jesca hulala upande wa dirisha, nami hulala upande wa mlango.

Neema akijifungua nitumie habari kwa mkono wa Hashimu.

Dada yako,
Rosa